Bwawa la Kukalia

Utoto wangu wote baba alikuja nyumbani kama mgeni, na sisi tulimpokea kama mgeni. Alikuwa fundi wa injini za boti Musoma, akiishi chumba cha kupanga mtaa wa Mukendo. Kwetu, ndani kabisa ya Butiama, alikuja Krismasi, Pasaka, na kwenye misiba ya watu wakubwa. Akifika, kuku anachinjwa, maji ya kuoga yanachemshwa, na mama anafunga kitenge ambacho siku nyingine kinalala sandukuni. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama hakuwahi kumpa baba jembe, kwa sababu siku ya tatu baba alikuwa ameshapanda gari.

Sikuwahi kuwasikia wakigombana kwa ajili hiyo. Mwanzoni mama alibaki kijijini ili kumuuguza bibi, mama yake baba. Bibi alipofariki yakabaki mashamba, na mashamba yalipopungua yakabaki mazoea. Mazoea ni kitu kibaya. Nasema hivyo kwa sababu nimeyaona yakipewa kiti nyumbani kwetu, yakakaa hapo miaka na miaka, na hakuna aliyeyauliza yanataka nini.

Mgongo ulipomkatalia kuinama juu ya injini, baba alirudi nyumbani na begi lake. Ndugu zangu wako mbali, kwa hiyo mimi, mwenye saluni Bunda, ndiye niliyekuwa napanda basi hadi Kiabakari na kumalizia kwa bodaboda kwenda kuwaangalia. Nilimkuta baba anazunguka uani. Anakwenda barabarani, anarudi. Anakagua bawaba za mlango ambao haukuwa na tatizo lolote. Jioni anasimama nyuma ya nyumba kutazama bonde, na bondeni hakuna kitu: mawe, mihogo, mtama, na korongo lenye maji wakati wa mvua tu. Mtu aliyeamka na ziwa mbele yake miaka yote ile hakujua aweke wapi macho. Wiki chache baadaye akasema anakwenda Musoma mara moja kuangalia vifaa vyake. Hiyo mara moja ikawa ni miezi.

Aliporudi alirudi na wazo. Kulikuwa na kijiko kinachochimba barabara jirani na kwetu, na baba ni mtu wa mashine, haikumchukua muda kuelewana na dereva. Wakachimba pale korongo linapopita chini ya shamba letu, wakainua tuta la udongo upande wa chini, wakaacha na njia pembeni ya kutolea maji yakizidi. Kijiko kikaondoka, tukabaki na shimo kubwa jekundu na baba amesimama juu ya tuta, mikono kiunoni, anafurahi peke yake.

Sasa, kwetu ni kwa wafugaji. Mtu akichimba shimo la maji, hakuna anayeuliza ni la nini. Wazee wa ukoo walikuja kumshukuru kabla hata mvua haijanyesha, na mmoja wao, mzee jirani yetu mwenye ng'ombe wengi kuliko wote bondeni, alileta kibuyu cha maziwa ya mgando. Baba alikunywa, akafuta mdomo, ndipo akasema kwamba ng'ombe hawatakunywa hapo. Kwamba hilo ni bwawa la kukaa: mtu unakaa, unatazama maji, unapumzika. Kosa lake halikuwa kusema hivyo. Kosa lilikuwa kusema baada ya kunywa maziwa.

Mzee jirani aliuliza, kwa adabu kabisa, kama ng'ombe nao wanaweza kuja kukaa. Baba akasema hapana, kwato zitavunja tuta na kuchafua maji. Wiki ile ile akazungushia minyaa na matawi ya miiba, na bonde zima likalibatiza: bwawa la kukalia. Hata padri alilijua kwa jina hilo.

Masika ya kwanza lilijaa. Halikuwa kubwa, mtu mwenye mkono mzuri angeweza kurusha jiwe likavuka. Lakini asubuhi lilikuwa na mawingu ndani yake, na kwetu mawingu tulizoea kuyaona juu tu. Baba akatengeneza chelezo kwa mbao na madumu ya mafuta, akapandikiza vifaranga vya sato, akaleta kiti cha plastiki cha bluu. Jumapili baada ya misa watu wa jumuiya wakaanza kupita, kwanza wacheke, halafu wakae. Watoto wakafundishwa kuelea. Wanakwaya wakaja na soda zao. Kuna maharusi walitoka Buhare, watu wenye ziwa zima nyuma ya nyumba zao, wakaja kupiga picha juu ya chelezo cha baba. Gauni likalowa mpaka magotini, na bado wakaaga kwa shukrani.

Ila mimi nilikuwa namtazama mama. Mama hakuwa mtu wa kukaa. Kwetu mwanamke akionekana amekaa mchana, watu wanauliza kama anaumwa. Kwa hiyo alikuwa anashuka bwawani na ungo wa maharage, anakaa kwenye jiwe kando ya kiti cha baba, anachambua. Siku moja nikachungulia ule ungo. Maharage yale yalikuwa yameshachambuliwa, safi kabisa. Alikuwa anayachambua upya.

Hawakuwa wanaongea sana. Baba anaonyesha ndege, mama anaitikia. Jua likishuka wanapanda pamoja kwenda nyumbani, baba na kiti chake, mama na ungo wake. Nilikuwa mama mwenye watoto, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilikuwa nawaona wazazi wangu wamekaa pamoja bila kwamba kuna mtu amekufa au kuna mtu anaoa. Nilifurahi, na niliwaonea huruma pia, maana walikuwa wanaanza kitu ambacho wenzao walikuwa wanakaribia kukimaliza.

Mwezi wa sita maji yakaanza kushuka. Si kwa jua tu. Udongo wa chini ulikuwa unayanywa, na kila asubuhi tuta lilionekana limerefuka. Mwezi wa saba yakabaki matope, tukala wale sato wakiwa wadogo kama kiganja. Baba akaegemeza kiti ukutani, akasema anakwenda Musoma mara moja, mvua zikianza atarudi.

Na alirudi, mvua zilipoanza. Na maji yalipoisha akaondoka tena. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Mama alichomeka kijiti pale ukingoni kwenye maji, nami nikadhani ni cha kufungia mbuzi. Nilipomkuta anakitazama asubuhi moja ya mwezi wa sita, maji yameshuka kutoka kwenye kifundo cha juu, nilielewa. Alikuwa anajua kwa kijiti kile amebakiza kiasi gani cha kukaa na mume wake.

Baba alijaribu kila kitu. Alichimba zaidi, maji yakaondoka haraka zaidi. Alitandika nailoni, miamba ikaitoboa. Alisiliba tuta kwa saruji, na tuta halikuwa na kosa lolote. Ng'ombe tu ndio hakuwajaribu. Kila akipiga simu kutoka Mukendo, baada ya salamu swali la kwanza lilikuwa bwawa, na la pili ni uzio, kama hakuna ng'ombe aliyepenya. Nilikuwa nakasirika. Nilimwambia mama kwamba anaulizwa baada ya minyaa. Mama akasema kila mtu anaanzia anapoweza.

Halafu ukaja mwaka ambao vuli ilikataa. Ilipiga mvua moja kubwa, ikajaza bwawa nusu, na mbingu ikafungwa. Baba alikuwa bado hajarudi, alikuwa anamalizia injini ya rafiki yake, akasema mvua zikikolea atakuja. Hazikukolea. Lambo la kijiji likakauka, tope lake likapasuka vipande vipande. Ng'ombe wakawa wanapelekwa mbali kunyweshwa, na wengine hawakuwa na miguu ya kurudi. Bwawa letu likabaki ndilo maji pekee bondeni, ndani ya uzio wake.

Nilikuwepo siku mzee jirani alipokuja. Hakuingia ndani. Alisimama uani, kofia mkononi, na nyuma yake barabarani niliona mgongo wa ng'ombe mmoja, mifupa yote unaihesabu. Alisalimia, akauliza habari za Musoma, akauliza habari za watoto wangu.

"Mke wetu," akasema mwishowe, "mimi sina la kusema. Unaona mwenyewe."

Kwetu ng'ombe hanyimwi maji. Hiyo si sheria iliyoandikwa popote, ni kitu ambacho mtu akikifanya kinasimuliwa kwa wajukuu zake. Unaweza kumnyima jirani chumvi, unaweza kumnyima mwanawe binti yako, lakini ng'ombe mwenye kiu akisimama kwenye maji yako unamwacha anywe, halafu ndiyo mgombane na mwenye ng'ombe. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Alijua pia alichokuwa amesema baba: hata angekuwa ng'ombe wa mahari ya mama yake mzazi, asiingie.

Nilimvuta mama jikoni. Nilimwambia wazi kwamba baba akikuta bwawa limekanyagwa harudi tena. Kwamba lile ndilo linalomleta, tusijidanganye, na yeye anataka kulivunja kwa mikono yake. Nilimwambia amwambie mzee asubiri, tumpigie baba kwanza.

Mama alikuwa anafunga kanga kiunoni, kama mtu anayekwenda shamba.

"Mimi nimezoea kukaaga bila baba yenu," akasema. "Ng'ombe hawezi kuzoea kukaa bila maji."

Akatoka, akashuka bondeni, akaivuta ile miiba pembeni mwenyewe. Mikono ikamtoka damu. Nilimfuata nikiwa nimenuna, nikamsaidia, kwa sababu ningefanya nini?

Waliingia wote. Wa mzee jirani, wa jirani zake, na kesho yake wa ng'ambo ya kilima. Ng'ombe wenye kiu hawanywi kwa staha. Waliingia mpaka katikati, wakasimama humo, wakanya humo, wakakanyagana, wakatoka, wakarudi. Siku nenda siku rudi. Maji yalipokuwa yanaisha walikuwa wanatembea juu ya uji mzito wa udongo na mavi, toka ukingo mpaka ukingo, na chelezo cha baba kimeegemea tuta kikiwa na alama za kwato. Wengi wa ng'ombe wale walifika kwenye mvua. Hilo liliwezekana kwa sababu ya mama, na watu walilisema.

Baba alisikia kwa watu, kama kawaida. Akaja. Sikuwepo, lakini mama alinisimulia, na mama haongezi chumvi. Alishuka bondeni, akasimama juu ya tuta, akatazama lile tope lililokanyagwa. Hakugomba. Alikibeba kiti cha bluu mpaka ndani, akakiweka nyuma ya mlango. Mama akamwekea chai, naye akasema gari litamwacha. Akaondoka bila kunywa.

Kwetu mtu haondoki nyumbani kwake bila kunywa chai iliyokwisha kumiminwa. Niliposikia hivyo, nikiwa nasuka kichwa cha mteja pale Bunda, ilinibidi niache kwanza. Nilimchukia baba siku ile, sitaficha. Nilimpigia simu na kuikata kabla hajapokea, mara mbili, kwa sababu nilijua nitakachosema hakitarudi mdomoni.

Masika yakaja, mazuri. Baba hakuja. Mama alilima, akapalilia, akaenda jumuiya, akarudi. Nikimuuliza anajibu hajambo, kila mtu hajambo. Bwawa lilijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na hakuna aliyekwenda kulikalia.

Ulikuwa mwezi wa saba mama aliponipigia. Aliniambia nikipata nafasi nije nimtazamie kitu, anadhani macho yake yamezeeka. Nikaja nikifikiri ni macho kweli, nikawa nimeshauliza na hospitali. Alinishika mkono, akanipeleka bondeni, akanionyesha kijiti.

Maji yalikuwa kwenye kifundo cha juu. Pale pale masika yalipoyaacha, labda upana wa kidole umepungua. Mama alikuwa ameshawauliza watoto wote wa jirani nani amekisogeza kijiti chake, na wote wamekataa.

Mzee jirani alikuwa ng'ambo ananywesha, maana mama alikuwa ameacha pembe moja wazi kwa ajili ya ng'ombe, na haikuzibwa tena. Akatuona tunashangaa, akacheka.

"Wamekukanyagia sakafu, mke wetu," akasema kutoka kule.

Mimi ni mtoto wa nyumba ya udongo. Nilisiliba sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe kila Jumamosi mpaka naolewa, na maji ukiyamwaga juu yake yanakaa mpaka uyafagie. Hata mimi sikufikiri. Hata mama. Hata yule mzee, ambaye sasa anasema alijua, hakujua. Ng'ombe walikuwa na kiu tu.

Nikatoa simu ili nimpigie baba. Mama akaifunika kwa kiganja chake.

"Usimwambie," akasema. "Akija kwa ajili ya maji, yakikauka ataondoka tena."

Nikamwambia maji hayakauki tena, si anaona? Akanifanya niahidi. Mtu yeyote anayenijua, hasa wateja wangu, anajua ahadi ya kunyamaza kwangu ni mzigo mkubwa kuliko gunia la pamba.

Muda si mrefu nilikwenda Musoma kununua rasta na mafuta ya nywele, nikapita kumsalimia baba. Nilimkuta nje ya karakana ya rafiki yake, jirani na ziwa, mawimbi unayasikia. Alikuwa amekaa kwenye benchi akiwa ameligeuzia ziwa mgongo, anatazama barabara. Hakuuliza bwawa. Kwa mara ya kwanza tangu lichimbwe, hakuuliza bwawa. Aliuliza kama mama anakula vizuri, kisha akaongeza:

"Jioni anakaaga wapi siku hizi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Mama alikuwa amerudi kwenye jiwe lake, na ungo wake, mbele ya maji yaliyojaa. Ningelisema, baba angepanda gari siku ile ile, nami nisingejua kamwe amepandia nini.

"Anakaa nyumbani, baba," nikasema, na shamba letu ni nyumbani, sikudanganya.

Akatikisa kichwa. Akageuka kidogo, akalitazama lile ziwa lote kwa jicho la pembeni.

"Maji haya ni mengi mno," akasema. "Mtu unakaaga peke yako."

Nikamuaga. Njia nzima ya kurudi Bunda nililia taratibu nikiwa nimeegemea dirisha la basi, na mama mmoja jirani yangu akanipa ndizi.

Baba alirudi mwezi wa nane, kiangazi kikali, majani yote yamekuwa kahawia. Mwezi ambao hakuwahi kuja. Alikodi gari dogo, akashusha godoro, meza, sanduku la spana, na ufunguo wa Mukendo alikuwa amemrudishia mwenye nyumba. Mama alinipigia, sauti iko chini sana, nikafunga saluni nikaja. Kuku alichinjwa. Maji ya kuoga yalichemshwa. Chai ikamiminwa, na baba akainywa yote, akaomba nyingine. Alikaa upande wa barabarani wa nyumba, hakugeuza macho bondeni hata kidogo, kama mtu anayepita karibu na kaburi la mtu waliyegombana naye. Mama hakulitaja bwawa. Mimi nilikuwa naona bora nimeze ulimi. Siku ya pili watu walikuja kumsalimia, na mama alikuwa amewaonya wote. Mzee jirani alizungumza habari za mahindi mpaka akachoka.

Siku ya tatu asubuhi, baada ya uji, mama aliingia ndani akatoka na jembe. Mpini ulikuwa mpya. Akampa baba, kwa mikono miwili, akamwambia kuna matuta ya mchicha chini kule yanasubiri.

Baba alilitazama jembe. Akamtazama mama. Katika ndoa ile nzima hakuwahi kupewa. Akaliweka begani na kushuka, mgongo umepinda kidogo, na sisi tukabaki jikoni tunaosha vyombo ambavyo ni safi.

Alikaa huko muda mrefu. Hatukusikia jembe likigonga. Aliporudi miguu ilikuwa na tope mpaka magotini na macho yake yalikuwa mekundu. Alisimama mlangoni.

"Maji yale yapo tangu lini?"

"Tangu masika," mama akasema.

"Na simu unayo."

"Ninayo." Mama aliweka sahani chini. "Nilitaka nijue utakuja kwa nani."

Baba alisimama hivyo, jembe bado begani. Nilidhani atasema kitu, nami nilikuwa tayari kukisikia. Halafu akauliza mbegu za mchicha ziko wapi.